Mgongo wa Kioo Ndio Kazi Yenyewe

Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani, na tena siku chache kabla ya Idi, nyumba zetu za Mbulu, Dongobesh, Katesh na Bassotu hufanyiwa usafi mkubwa. Mapazia hufuliwa, mikeka huanikwa, kuta hupakwa chokaa, na vilivyotundikwa ukutani huteremshwa ili vipanguswe. Miongoni mwa vinavyoteremshwa, katika nyumba chache zenye bahati, mna kioo cha zamani chenye aya au maua, kilichorithiwa kutoka kwa babu aliyefanya biashara Kondoa, Tanga au Unguja. Kioo hicho hutolewa katika fremu, kikaoshwa mbele na nyuma kwa sabuni na maji ya moto kama inavyooshwa sahani. Kinaporejeshwa ukutani, herufi zimepungua.

Tumeandika makala haya ili hasara hiyo isiendelee kwa sababu ya kutojua. Kioo cha namna hiyo hakikuchorwa upande unaotazamwa. Kilichorwa nyuma, na rangi yote inayoonekana na mgeni aliyekaa sebuleni imelala juu ya mgongo wa kioo, haina kinga ila ubao mwembamba wa fremu. Anayefuta mbele anasafisha kioo. Anayesugua nyuma anaondoa kazi ya fundi. Tutaeleza kwanza kazi yenyewe inavyofanywa, kisha ilikotoka, kwa kuwa imepita Uajemi na Bara Hindi kabla ya kufika pwani yetu na kupanda huku nyanda za juu. Baadaye tutasema namna vijana wetu wanavyoweza kuifanya na namna wenye vioo vya zamani wanavyoweza kuvitunza.

Kinachotangulia kuonekana hutangulia kuchorwa

Mchoraji wa kawaida, awe anachora juu ya ubao, karatasi au ukuta, huanza na kilicho mbali. Tuseme kijana wa Katesh anataka kuchora Mlima Hanang, ambao kilele chake kina zaidi ya mita 3,400 na sote tunauona kila asubuhi. Atapaka kwanza anga, kisha mlima juu ya anga, kisha mashamba ya ngano chini ya mlima, na mwisho ataweka ndege juu ya suke, na nukta nyeupe ndani ya jicho la ndege. Akikosea mlima, atapaka rangi nyingine juu yake, na mtazamaji hatajua kwamba palikuwa na kosa.

Anayechora nyuma ya kioo hufuata utaratibu ulio kinyume kabisa. Kwa kuwa kazi itatazamwa kupitia upande wa pili, rangi inayotangulia kuwekwa ndiyo itakayokuwa mbele ya zote. Hivyo kijana yuleyule ataanza na ile nukta ya jicho, kisha jicho, kisha manyoya ya ndege, kisha suke, kisha shamba, kisha mlima. Na anga, ambayo wenzake huanza nayo, yeye atamalizia nayo. Aidha, kulia na kushoto hubadilishana nafasi: mti unaotakiwa uonekane kulia ni lazima uchorwe kushoto.

Athari ya utaratibu huu ni kubwa. Jicho la ndege likishafunikwa na manyoya, haliwezi tena kurekebishwa kwa kuongeza rangi, kwa sababu kila rangi inayoongezwa huenda nyuma, wala haionekani. Njia iliyobaki ni kukwangua hadi kwenye kioo kitupu na kuanza upya. Kwa sababu hiyo fundi wa kazi hii hupaswa kuwa na sura nzima ya kazi moyoni kabla hajachovya brashi.

Katika maandishi ya Kiarabu jambo hili hudhihirika zaidi. Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Anayeandika nyuma ya kioo huona herufi zimegeuka, na mkono wake hutoka kushoto kwenda kulia. Ziko njia mbili zilizo mashuhuri. Ya kwanza ni kuandika herufi kwa rangi, zikakauka, kisha kupaka usuli nyuma yake. Ya pili ni kupaka usuli mweusi kuzunguka herufi, herufi zenyewe zikaachwa zikiwa kioo kitupu, halafu nyuma yake ikawekwa karatasi ya jaribosi iliyokunjwakunjwa kidogo. Taa inapowashwa jioni, mikunjo ya jaribosi hupokea mwanga kila mmoja kwa upande wake, na maandishi hung'aa kama fedha. Wenye uwezo zaidi, hasa Ulaya na Uajemi, walitumia dhahabu iliyofuliwa hadi ikawa nyembamba kuliko karatasi.

Kioo pia hakinywi rangi. Ubao na karatasi vina vinyweleo, na rangi huingia ndani yake ikashika. Kioo ni laini na kimefungamana, kwa hiyo rangi hushika juu juu tu. Ikipenya hata tone la maji kati ya rangi na kioo, rangi huinuka kama gamba na kubanduka. Hapo ndipo ilipo hatari ya kitambaa chenye maji.

Kutoka Venice hadi Shiraz

Kupamba nyuma ya kioo ni ufundi wa kale. Warumi walijua kuweka dhahabu katikati ya matabaka mawili ya kioo. Ulaya ilipopata maendeleo katika utengenezaji wa kioo, hasa katika kisiwa cha Murano karibu na mji wa Venice, ufundi huu ulipata nguvu mpya, ukaenea hadi Bavaria na Bohemia, ambako wanavijiji walitundika picha za namna hiyo katika nyumba zao. Biashara ya baharini ikauvusha zaidi. Katika karne ya 18, vioo vya Ulaya vilipakiwa melini hadi Guangzhou, China, vikachorwa kwa nyuma na mafundi wa huko, kisha vikarudishwa Ulaya kuuzwa.

Uajemi, yaani Iran ya leo, iliupokea ufundi huu ikiwa tayari na mapenzi makubwa ya vioo. Mafundi wake walikuwa wakikata vioo vya kujitazamia katika vipande vidogo vidogo na kuvipanga kwenye kuta na dari kama nyota, ili taa moja ionekane kuwa taa elfu. Uchoraji wa nyuma ya kioo ukaingia katika nyumba hizo na kusitawi katika zama za watawala wa Zand, ambao Karim Khan wao aliufanya Shiraz kuwa makao yake katikati ya karne ya 18, na baada yao katika zama za Qajar, waliotawala hadi mwaka 1925. Shiraz, Isfahan na Tehran zilikuwa na mafundi wake.

Waajemi waliita kazi hii kwa jina lenye maana ya uchoraji wa nyuma ya kioo, na neno lao la uchoraji, naqqashi, limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa sisi neno nakshi. Walichora waridi na ndege aimbaye aitwaye bulbul, jozi ambayo katika ushairi wao ni ishara ya mpenzi na mpendwa. Walichora mabustani, wafalme na wanawake waliovaa mapambo. Walichora pia watu watukufu wa historia ya Uislamu, jambo ambalo tutaligusia hapa chini, na waliandika aya na majina matukufu kwa khati nzuri. Baadaye picha za chapa na za kamera zilipopatikana kwa bei nafuu, soko la mafundi hao lilipungua, ingawa kazi yenyewe haikukatika.

Ilivyovuka bahari

Msomaji anaweza kuuliza: yote hayo yanatuhusu nini sisi wa Mbulu na Hanang? Jibu liko katika upepo wa kaskazi. Majahazi yaliyoteremka na upepo huo kutoka Ghuba ya Uajemi na Bara Hindi hayakuleta tende na vitambaa peke yake. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107 Miladia, na mkono wa mafundi wa Uajemi unaonekana katika nakshi yake. Karne saba na nusu baadaye, yapata mwaka 1850, Sayyid Said bin Sultan alijenga hamamu za Kidichi kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Fath Ali Shah, na ndani yake kuta zikapambwa kwa lipu iliyochongwa maua na ndege kwa mtindo wa nchi ya bibi huyo. Lugha yetu nayo ilipokea amana. Neno rangi ni la Kiajemi. Bustani ni la Kiajemi. Hata kudarizi kumetokana na jina la Kiajemi la mshonaji.

Kutoka Bara Hindi lipo simulizi linalogusa bahari yetu moja kwa moja. Watu wa Kutch, nchi ambayo wafanyabiashara wake wengi walihamia Zanzibar, husimulia habari za baharia aliyeitwa Ramsinh Malam. Inasemekana alivunjikiwa na chombo akiwa safarini kuja Afrika, akaokolewa na meli ya Waholanzi, akapelekwa kwao na kukaa huko miaka mingi akijifunza kazi za kioo na nyinginezo. Aliporudi, mtawala wa Kutch alimpa kazi, na katikati ya karne ya 18 akajenga katika mji wa Bhuj jumba liitwalo Aina Mahal, yaani Jumba la Vioo. Jumba hilo liliharibiwa sana na tetemeko la ardhi la mwaka 2001.

Katika visiwa vyetu, ushahidi wa kazi ya nyuma ya kioo umo chumbani. Vitanda vya samadari, vile virefu vyenye nguzo nne vilivyoletwa kutoka Bara Hindi, vilikuwa na vipande vya kioo vilivyopachikwa kwenye ubao wa kichwani, na nyuma ya vioo hivyo yamechorwa maua. Bibi harusi aliingia katika nyumba yenye kitanda hicho, na kitanda kikawa sehemu ya heshima yake. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kitabu chake cha kumbukumbu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi vyumba vya watu wa Unguja vilivyokuwa na vidaka ukutani vilivyopangwa vyombo bora vya kioo na kauri. Kioo kwa watu wa pwani kilikuwa pambo, mali na kumbukumbu kwa pamoja.

Kutoka pwani hadi kwetu, njia ilikuwa ya misafara. Kondoa Irangi ilikuwa kituo cha wafanyabiashara katika karne ya 19, na hadi leo familia nyingi za Waislamu wa wilaya zetu mbili zina jamaa, wakwe au walimu wa chuo waliotokea huko. Waliopanda kuja huku walibeba mashafu, kanzu, birika la kahawa na, mara mojamoja, kioo kilichofungwa ndani ya blanketi.

Kioo cha wakfu

Kioo kimoja cha aina hiyo kiliwahi kuletwa mbele ya kamati yetu. Mwenye nacho ni bibi mjane wa mji wetu. Mumewe alikirithi kutoka kwa baba yake, nacho kina Ayatul Kursiyyu, aya ya 255 ya Suratul Baqara, kwa herufi za kung'aa juu ya usuli mweusi. Bibi alitaka kiwe wakfu wa msikiti, na nia yake ilikuwa kitundikwe ukuta wa kibla, juu ya mihrabu.

Kijana mmoja wa kujitolea alikipokea kwa furaha, akatafuta kitambaa na maji ili akifute vumbi. Bibi akamshika mkono.

"Mbele futa, mjukuu wangu," alisema. "Nyuma usiguse. Marehemu alikuwa akisema nyuma ndiko kulikoandikwa."

Tulipokigeuza tulimwelewa. Kwa mbele aya ilisomeka nzima. Kwa nyuma rangi nyeusi ilikuwa imepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, na pembeni jaribosi ilikuwa imeanza kuachia. Kitambaa kimoja chenye maji kingeondoa maneno mawili au matatu ya aya kwa dakika moja.

Kamati ilikuwa na maswali mawili. La kwanza lilikuwa la mahali pa kukitundika. Katika Sahihi Bukhari na Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali akiwa amevaa nguo yenye mapambo, kisha akaagiza irudishwe kwa Abu Jahm aliyemzawadia, kwa kuwa ilimshughulisha katika swala. Imepokewa pia habari ya pazia la Bi Aisha (R.A.) lililokuwa na picha, naye Mtume akataka liondolewe kwa sababu hiyohiyo. Kutokana na hadithi hizi, wanazuoni wengi wamechukia kuwekwa mbele ya wanaoswali kitu kinachovuta macho. Herufi zinazometameta kila taa inapowashwa ni kitu cha namna hiyo, japokuwa kilichoandikwa ni maneno ya Mola.

Imamu wetu alikwenda mwenyewe kumweleza bibi, kwani si adabu kumpelekea mtu mzima jibu kama hilo kwa barua. Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi, Sheikh, kama mbele hapafai, kitundikeni watoto wanaposoma. Wakikisoma wao, mwenyewe kule aliko atapata." Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kioo kipo katika chumba cha madrasa, ukuta wa ndani, mbali na dirisha.

Swali la pili lilikuwa la daftari. Katibu huandika kila kinachoingia katika wakfu: mabati, mazulia, vipaza sauti. Tuliandika urefu na upana wa kioo, maandishi yaliyomo, nani alikitoa, nani alikuwa nacho kabla yake, na mahali kilipopasuka rangi. Tulikipiga picha mbele na nyuma. Tunaishi katika wilaya ambayo tarehe 3 Desemba 2023 tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang lilifunika nyumba za Katesh na vijiji vya jirani na kuchukua roho za watu wengi. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tangu siku ile tunajua jinsi kilichohifadhiwa kwa vizazi vitatu kinavyoweza kutoweka asubuhi moja, na kwamba kilichoandikwa na kupigwa picha hubaki na ushahidi wake.

Ama kuhusu picha za viumbe

Tumetaja kwamba Waajemi walichora watu, na hata watukufu, nyuma ya vioo. Huko Senegal, Waislamu wa nchi hiyo wana kazi mashuhuri kama hiyo waiitayo suwer, na wengi wao huchora masheikh wao, hasa Sheikh Ahmadu Bamba, aliyefariki mwaka 1927. Kazi hiyo ina historia ya ajabu. Serikali ya kikoloni ya Ufaransa, chini ya Gavana William Ponty, ilipozuia picha za chapa zenye mambo ya Kiislamu kutoka nchi za Kiarabu, mafundi wa Senegal walizidi kuzichora wenyewe juu ya kioo, na soko lao likakua. Uajemi picha za chapa zilipunguza kazi ya mafundi. Senegal katazo la picha za chapa liliwaongezea.

Msimamo wa wanazuoni wetu kuhusu kuchora viumbe vyenye roho unajulikana, nasi hatuna haja ya kuufungua upya hapa. Itoshe kukumbusha kwamba Ibn Abbas (R.A.) alipoulizwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa uchoraji, alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Nafasi hiyo ni pana. Waridi, mtende, mlima, ziwa, nyota na khati vimewatosha mafundi wa nchi nyingi za Kiislamu kwa karne na karne. Katika mji wa Cirebon, kisiwani Java, mafundi wa Kiislamu wana kazi mashuhuri za khati ya Kiarabu nyuma ya kioo, nazo hutundikwa majumbani kama zinavyotundikwa kwetu.

Nukta moja

Tunasema haya kwa kuwa tunaamini vijana wetu wanaweza kuifanya kazi hii. Mafundi wa madirisha ya alumini wapo Babati, Katesh na Mbulu mjini, na kila wanapokata kioo hubakiwa na vipande ambavyo havitoshi dirisha. Kipande cha ukubwa wa daftari kinatosha. Kingo zake zisuguliwe kwa jiwe la kunolea lililoloweshwa ili zisikate mikono, kisha kioo kifutwe kwa spiriti hadi kiishe mafuta ya vidole. Khati iandikwe kwanza kwenye karatasi kama inavyosomwa. Karatasi igeuzwe, ibandikwe kwenye dirisha lenye mwanga, na mistari ifuatishwe kwa kalamu upande wa pili. Sasa upande huo una herufi zilizogeuka. Kioo kilazwe juu yake, na brashi ifuate mistari. Rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya kupakia milango, inafaa, mradi kila tabaka liachwe likauke vizuri kabla ya jingine. Watoto wadogo wasiachiwe kioo wala spiriti bila mtu mzima.

Hata hivyo, kuna sharti moja ambalo halina mjadala. Herufi za Kiarabu hutofautishwa kwa nukta. Nukta moja chini ni ba. Mbili juu ni ta. Tatu juu ni tha. Mtu anayeandika kinyume, mkono ukitoka upande usiouzoea, ni rahisi sana kuhamisha nukta au kusahau jino la herufi. Katika ua, kosa hilo ni jani lililopinda. Katika aya ni neno la Mola kubadilishwa, na likishapakwa usuli halirekebishiki. Litatundikwa sebuleni, na watoto watalisoma kwa miaka hamsini.

Kwa hiyo tunashauri utaratibu huu: baada ya herufi kuandikwa na kabla ya rangi ya pili kupakwa, kioo kigeuzwe na kusomwa na mtu aliyehifadhi aya hiyo, mashafu ikiwa mkononi mwake. Akisema ni sahihi, kazi iendelee. Akiona kosa, wembe ukwangue na herufi iandikwe tena. Wakati huo kosa ni la dakika tano. Wanaoanza waanze na maua na majina ya nyumba, na waachie aya waliokwisha zoea.

Namna ya kukitunza

Kwa wenye vioo vya zamani, hali ya hewa yetu inadai uangalifu wa pekee. Mbulu ni nchi ya baridi na ukungu, hasa kuanzia Juni hadi Agosti. Usiku ukuta wa nje hupoa, na asubuhi jiko linapowashwa mvuke wa nyumba huganda juu ya kila kilicho baridi, kioo kikiwa cha kwanza. Unyevu huo ukitokea nyuma, hufanya kazi ileile ya kitambaa chenye maji, polepole zaidi.

Basi kioo kitundikwe ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua na upepo. Kiwe mbali na jiko la kuni na pasipopigwa na jua. Nyuma ya fremu, kwenye pembe nne, vibandikwe vipande vidogo vya mpira au koki ili hewa ipite kati yake na ukuta. Msumari uwe imara na kamba ibadilishwe inapochakaa, kwa kuwa vingi vimepotea kwa kuanguka.

Vumbi lifutwe mbele tu, kwa kitambaa laini kikavu. Dawa ya kusafishia vioo isipulizwe hata mbele, maana huteleza hadi ukingoni na kupenya nyuma. Ubao wa nyuma usifunguliwe bila sababu. Rangi iliyoanza kuinuka isibanduliwe, isibandikwe kwa gundi, wala isipakwe vanishi; iachwe ilivyo. Kioo kikipasuka, vipande vyote vikusanywe na kulazwa juu ya ubao bapa, upande wa rangi ukitazama juu bila kuguswa na kitu, kwani fundi stadi anaweza kuviunganisha. Na kama kimevunjika kiasi cha kutorekebishika, nacho kina maneno matukufu, kisitupwe jalalani. Imamu wa mtaa aulizwe namna ya kukihifadhi au kukizika mahali safi.

Mwisho, tunawaomba wenye vioo hivyo wawaulize wazee wao wakiwa bado hai: kilitoka wapi, kililetwa na nani, kilikuwa katika nyumba ya nani kabla ya hii. Majibu yaandikwe kwenye karatasi pamoja na tarehe, na karatasi hiyo ibandikwe nyuma ya ubao wa fremu, isiguse rangi. Atakayekirithi baadaye, siku atakapokigeuza, atakuta habari za waliokihifadhi mahali palepale ilipo kazi ya fundi.

Wabillahi tawfiq.